Sarafu Mbele ya Lenzi: Mhadhara kwa Watu wa Ukanda wa Dhahabu

Nawashukuru walimu, masonara na vijana mliotoka Kahama, Katoro na Geita kuja hapa Shinyanga kusikiliza habari ya kupiga picha sarafu za kale, kazi ambayo wengi hudhani ni ya watu wenye kamera za mamilioni. Nisiwazungushe. Picha nzuri ya sarafu hutokana na mwanga unaoujua unakotoka, na mwanga huo mnao majumbani mwenu. Naamini pia kwamba ukanda wetu huu unazihitaji picha hizo kuliko sehemu nyingi za nchi, na hilo ndilo nitakaloanza nalo.

Huku kwetu thamani ya dhahabu huamuliwa na mizani na moto. Mwamba ukishatoka duarani, ukapita kwenye karasha, ukaoshwa mwaloni, kinachobaki mwishoni ni kipande kinachopimwa uzito na usafi, mwenyewe akalipwa. Hakuna anayeuliza kipande kile kilikuwa na umbo gani. Kwa dhahabu ghafi huo ni utaratibu wa haki, na tangu masoko ya madini yaanze kufunguliwa mwaka 2019, la Geita likiwa miongoni mwa ya kwanza, mchimbaji mdogo anaiona mizani kwa macho yake. Lakini mazoea hayo yakihamia kwenye sarafu ni hasara tupu. Rupia ya fedha ya enzi za Wajerumani ikiwekwa mbele ya mtu anayejua gramu peke yake, inakuwa gramu 11.66 za fedha, na kesho yake imeyeyushwa kuwa pete. Maandishi yake yamekwenda na moto, na hakuna hata picha iliyobaki kuonyesha kwamba familia fulani ya Usukuma iliwahi kuitunza.

Tuichukue sarafu iliyo karibu nasi zaidi. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, manowari za Waingereza ziliifunga bahari, na sarafu ambazo koloni la Wajerumani lilikuwa likiletewa kutoka viwanda vya Berlin na Hamburg hazikufika tena. Serikali ya koloni ilikuwa na askari wa kulipa na vyakula vya kununua. Mwaka 1916 ikaigeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Pale zikagongwa heller 5 na heller 20 za shaba, na sarafu moja ya dhahabu, rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake, pamoja na herufi ndogo T ya Tabora. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba ya leo mkoani Singida, ng'ambo ya mbuga za Wembere. Uzito wake ni gramu 7.168, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu safi. Ziligongwa 16,198 tu. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na kazi ikaishia hapo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mizani haiwezi kuliona. Rupia 15 za Tabora ziko za namna mbili. Upande wa pili, wenye tai, kuna nakshi. Katika namna moja nakshi ya kulia inaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, katika namna ya pili inaishia chini ya A ya kwanza. Heller 20 nazo zina tofauti zao: ziko zenye taji kubwa na zenye taji dogo, ziko ambazo ncha za herufi L katika neno HELLER zimenyooka na ambazo zimejikunja. Tofauti hizo zimetokana na mikono ya watu waliochonga mihuri pale karakanani, na wakusanyaji wa sarafu wa dunia nzima huzifuatilia hadi leo. Picha iliyopigwa mezani kwa pupa, huku kivuli cha simu kimeangukia sarafu, itakuonyesha duara la njano. Picha ninayoitaka mimi itakuonyesha ncha ya L.

Wengi wenu hamna dhahabu ya Tabora, na si lazima muwe nayo. Fungueni masanduku ya bati ya bibi zetu. Mtakuta senti 10 zenye tundu katikati, zilizotumika Tanganyika, Kenya na Uganda. Mtakuta shilingi yenye simba mbele ya milima, ambayo wakulima wa pamba wa Usukuma walilipwa nayo na wakanunulia ng'ombe. Shilingi hizo, zile za kuanzia 1921 hadi 1946, robo ya madini yake ni fedha. Za 1948 na kuendelea ni za nikeli na shaba. Mtakuta senti za mwaka 1936 zenye jina la Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza aliyeachia kiti Desemba mwaka huo kabla hajavikwa taji. Nyingine zina herufi H au KN, ndogo kiasi cha kupotea machoni mwa mzee, na herufi hizo zinakwambia ni kiwanda kipi cha Birmingham kilichozigonga. Mtakuta na zetu za mwaka 1966, Benki Kuu ilipoanza kazi: samaki wa senti 5, mbuni wa senti 20, sungura wa senti 50 na mwenge wa shilingi 1. Zote hizi zinastahili kupigwa picha, hata zile ambazo sokoni hazina bei.

Kabla hujagusa simu, nakuomba usiisafishe sarafu. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu ndilo linaloharibu sarafu nyingi kuliko miaka mia moja ya kukaa sandukuni. Majivu, limau, dawa ya meno, Brasso, vyote hivyo hukwangua ngozi ya juu ya chuma pamoja na mng'ao wa awali, na kinachobaki ni mng'ao wa uongo wenye mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja. Lenzi ya karibu itaionyesha mikwaruzo hiyo yote. Masonara wangu, msiisugue kwenye jiwe la kupimia hata mara moja. Kovu litabaki ukingoni daima. Mkitaka kujua usafi wa dhahabu, mashine za miale zinasoma bila kukwangua. Na nyie mnaochenjua kwa zebaki, msiiguse sarafu ya dhahabu kwa mikono iliyotoka kwenye kazi hiyo, wala msiipigie picha kwenye meza ya kazi hiyo. Zebaki hunasa kwenye dhahabu na kuacha doa jeupe, na kuliondoa bila kuidhuru sarafu ni kazi ngumu mno. Vumbi lipulizwe kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, maana mate huacha madoa kwenye fedha na shaba. Osha mikono, ikaushe, shika sarafu kwa ukingo, na ufanye kazi yote juu ya taulo lililokunjwa, ili ikiponyoka iangukie mahali laini.

Juu ya kamera sitakaa sana. Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi atafute lenzi ya makro ya milimita 90 au 100, kwa sababu inakuweka mbali kidogo na sarafu na kuacha nafasi ya mwanga kupita. Tundu la lenzi aliweke kwenye namba 8 au 11. Akilifunga hadi 22 akidhani anaongeza ukali, mwanga hujipinda kwenye tundu dogo na picha nzima inalegea. ISO iwe 100, na shata ifunguke muda wowote inaotaka, maana sarafu haitembei. Lakini simu janja zilizoko mifukoni mwenu zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi, kwa masharti machache. Usisogee mpaka simu inakaribia kuibusu sarafu. Lenzi ya simu ikiwa karibu mno hushindwa kufokasi, hupinda umbo la duara, na mwili wa simu huziba mwanga. Inyanyue sentimita 15 au 20, piga, halafu ukate kingo za picha baadaye. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta, itumie hiyo. Kuvuta kwa vidole kwenye kioo hakuongezi kitu, ni kutanua tu kilichopo. Zima flashi. Zima vichujio vya urembo na vya kunoa picha, kwa kuwa programu hizo zimetengenezwa kulainisha nyuso za watu, na kwenye sarafu hufuta mikwaruzo iliyopo au kuchora mistari isiyokuwapo.

Simu isishikwe mkononi. Panga vitabu marundo mawili yenye urefu sawa, laza ubao mwembamba au rula pana juu yake, weka simu hapo lenzi ikiwa imechungulia nje ya ubao, na kitabu kimoja juu ya simu kuishikilia. Tumia kipima muda cha sekunde chache ili kidole chako kiwe kimeshaondoka wakati picha inapigwa. Sasa inabaki kuhakikisha kwamba simu na sarafu viko sambamba kabisa, kwa sababu simu ikiinama kidogo tu, tai wa upande mmoja atakuwa mkali na maandishi ya upande mwingine yatafifia. Njia ya kuhakikisha hilo ni rahisi na mafundi huitumia hata kwenye maabara kubwa: weka kioo kidogo cha kujitazamia, kilicho bapa, mahali palepale sarafu itakapokaa. Tazama kwenye skrini. Utaiona lenzi ya simu yako ikijitazama. Rekebisha marundo ya vitabu mpaka lenzi hiyo ikae katikati kabisa ya picha. Hapo viko sambamba. Ondoa kioo, weka sarafu.

Sarafu usiilaze moja kwa moja juu ya kitambaa. Iinue kidogo kwa kifuniko cha chupa kilicho kidogo kuliko sarafu yenyewe, kisionekane. Kitambaa kikiwa chini zaidi kinatoka nje ya fokasi, nyuzi zake hazionekani, na kivuli cha sarafu hakigandi ukingoni. Rangi ya kijivu ndiyo salama kwa sarafu nyingi. Ukitumia kitambaa cheusi, simu itaona giza na kuongeza mwanga mpaka fedha igeuke nyeupe isiyo na maandishi; ukitumia karatasi nyeupe, itafanya kinyume na sarafu itazama gizani. Gusa sarafu kwenye skrini ili simu ipime mwanga hapo, kisha ushushe mwanga kidogo. Sehemu iliyoungua kwa weupe hairudi tena, iliyo na giza kidogo unaweza kuinyanyua baadaye.

Tumefika kwenye mwanga, na hapa nawaomba uvumilivu wenu, maana ndiko kazi yote iliko. Sarafu si kama uso wa mtu au ukurasa wa kitabu. Ni chuma kinachorudisha mwanga, chenye vilima vya sehemu ya milimita. Mwanga ukitoka pande zote kwa usawa, vilima hivyo havina kivuli na sarafu inaonekana bapa. Ukitoka upande mmoja ulio chini, vivuli vinarefuka na kila herufi inasimama. Jua la asubuhi likiwa chini, shamba la pamba huonyesha kila tuta. Saa sita jua likiwa utosini, shamba lilelile linaonekana uwanja. Sarafu iko hivyohivyo, na wewe ndiye unayeamua ni saa ngapi.

Fanyeni jaribio moja leo usiku. Laza sarafu chini ya simu kwenye chumba chenye giza, shika tochi, izungushe taratibu kuizunguka sarafu huku ukitazama skrini. Usiizungushe sarafu, zungusha mwanga. Utaona kichwa cha mfalme kikitokea na kupotea, utaona tarehe ambayo mchana haikusomeka ikijitokeza yenyewe kwenye pembe moja tu. Kisha inyanyue tochi kutoka usawa wa meza hadi karibu na lenzi, na utaona kitu kingine: vivuli vinafupika, rangi halisi ya chuma inarudi, na kama sarafu haijachakaa, mng'ao unaanza kuzunguka juu yake kama spoku za baiskeli. Mng'ao huo unatokana na mistari myembamba sana iliyoachwa na chuma kilipotiririka chini ya kishindo cha muhuri. Sarafu iliyosuguliwa haina tena mng'ao huo. Anayejua kuutafuta hadanganywi.

Kwa hiyo namna ya mwanga inafuata sarafu yenyewe. Pesa ya shaba ya kampuni ya Wajerumani, ya miaka 1890 hadi 1892, yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, mara nyingi imekuwa ya kahawia iliyokolea na imelika. Hiyo inataka taa moja ya pembeni, chini, ili mwandiko utoke. Vivyo hivyo heller za Tabora, ambazo ziligongwa kwa mitambo ya dharura na nyingi hazikupokea chapa vizuri. Rupia ya fedha yenye Kaizari Wilhelm wa Pili na kofia yake ya tai ina sura iliyonyanyuka. Taa moja ya chini itatupa kivuli kirefu cha kofia na kuficha nusu ya maandishi. Hiyo inataka taa mbili zilizonyanyuliwa, mahali pa namba 10 na namba 2 kama ungeichukulia sarafu kuwa uso wa saa ya mshale, moja ikiwa na nguvu kidogo kuliko mwenzake ili sura ibaki na umbo.

Sarafu mpya zinazong'aa ndizo zinazowasumbua wengi, kwa sababu zinarudisha kila kilichoko chumbani, pamoja na shati jekundu ulilovaa. Dawa yake ni kuulainisha mwanga. Chukua kikombe cheupe cha plastiki cha mtindi, kata kitako, kifunike juu ya sarafu, na upige picha kupitia tundu la juu huku taa zikiwa nje ya kikombe. Kikiwa kimelainisha kupita kiasi na sarafu imekuwa bapa, kikate ubavu mmoja ili mwanga mkali kidogo uingie. Iko njia nyingine ambayo mimi naipenda kuliko zote kwa sarafu zenye uso wa kioo. Toa kipande cha kioo kwenye fremu ya picha, kisimamishe kwa mshazari, nyuzi 45, kati ya lenzi na sarafu, kisha weka taa ubavuni. Mwanga utagonga kioo, utashuka wima juu ya sarafu, utarudi juu kupitia kioo hichohicho hadi kwenye lenzi. Uso ulio bapa wa sarafu utawaka, na miinuko itachorwa kwa kivuli, hadi herufi ndogo kabisa. Kwa senti ya 1936 yenye H au KN iliyokaribia kufutika, njia hii hufanya kazi pale tochi ya pembeni inaposhindwa.

Asiye na taa atumie dirisha au mlango. Shinyanga iko chini ya nyuzi 4 kusini mwa ikweta, jua letu la mchana ni la utosini na ni kali; halifai. Tumia mlango ulio kivulini, asubuhi mapema, kabla upepo haujaanza kusukuma vumbi la kiangazi. Nyunyiza maji sakafuni na ufagie kwanza. Mwanga wa mlangoni utakuwa upande mmoja. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ili urudishe kiasi. Angalia kuta zako. Ukuta uliopakwa bluu au kijani unatia rangi yake kwenye fedha, na utakaa unashangaa kwa nini rupia yako ina rangi ya bahari. Usichanganye mwanga wa mlango na taa ya umeme, kila mmoja una rangi yake na simu haiwezi kuzipatanisha. Kwa dhahabu, jihadhari na simu inayorekebisha rangi yenyewe: ikiona njano nyingi inadhani kuna kosa na inaifanya dhahabu iwe kama bati. Piga kwanza karatasi nyeupe kwa mwanga uleule, funga mpangilio wa rangi hapo, ndipo uweke sarafu.

Nataka niseme na juu ya ukweli wa picha, kwa kuwa naona vijana hapa wanaouza vitu mtandaoni. Mwanga unaweza kusema uongo bila picha kuguswa na programu yoyote. Muuzaji akitumia mwanga laini wa kikombe anaficha mikwaruzo. Mnunuzi akitumia tochi ya chini kabisa anaifanya sarafu nzuri ionekane kama imeburutwa barabarani, ili ashushe bei. Ndiyo maana napendekeza kila sarafu ipigwe kwa mwanga wa aina mbili, wa juu na wa pembeni, na zote mbili zitunzwe pamoja. Bandia za rupia 15 za tembo zipo nyingi, na hapa ndipo picha ya karibu inapookoa fedha za watu. Sarafu halisi iligongwa kwa muhuri, kwa hiyo miguu ya herufi imekata wima na uso ni safi. Ya kusubu kwenye kalibu mara nyingi huwa na vishimo vidogo vya hewa, herufi zilizovimba kama zimeloa, na mshono ukingoni. Piga ukingo pia, watu husahau. Isimamishe sarafu kati ya vipande viwili vya mpira na uizungushe kidogo kidogo.

Kila seti ya picha iwe na moja yenye rula ya milimita kando ya sarafu, na nyingine sarafu ikiwa juu ya mizani. Hapa ukanda wetu una bahati kubwa. Mizani inayosoma gramu hadi tarakimu mbili baada ya nukta, ambayo kwingine mkusanyaji huiagiza kutoka mbali, huku iko kwa kila mnunuzi wa dhahabu. Muombe, atakusaidia. Rupia 15 ya tembo inayosoma gramu 6 na nusu imeshajieleza.

Sarafu ya kujifunzia mnayo mifukoni. Shilingi 500, iliyotolewa mwaka 2014, yenye Sheikh Abeid Amani Karume upande mmoja na nyati upande mwingine, ni ya chuma kilichopakwa nikeli na inang'aa sana. Upande wa nyati ina alama ya usalama inayobadilika: ukiigeuza hivi unaona 500, ukiigeuza vile unaona BOT. Jiwekeeni kazi ya kuzipiga zote mbili, kila moja ikisomeka vizuri, kwa kuhamisha taa peke yake. Atakayeweza hilo, hakuna sarafu ya bibi yake itakayomshinda.

Neno moja kuhusu sarafu za kale zaidi. Masultani wa Kilwa waligonga sarafu zao za shaba karne nyingi kabla ya Mjerumani, na maandishi ya pande zake mbili yalipangwa kwa vina, upande mmoja ukiitikia mwingine. Tano kati ya hizo zilizuka mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Sarafu hizo za Kilwa zinasomeka kwa tochi ya pembeni na uvumilivu. Lakini kumbukeni kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Mchimbaji akikutana na kitu cha namna hiyo ardhini, akipige picha palepale kilipolala, na rula pembeni, kisha atoe taarifa. Mahali kilipolala ni nusu ya habari yake.

Picha zikishapatikana, tunzeni faili za awali kama zilivyo. Mkizituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida zinabanwa na ile ncha ya L inapotea, kwa hiyo zitumeni kama hati. Zimeni pia mpangilio wa simu unaoandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Tunaishi sehemu ambayo habari kwamba nyumba fulani ina dhahabu husafiri haraka, na picha yenye ramani ndani yake inaweza kuwaletea wazee wako wageni wabaya usiku.

Na kwa wazee wenyewe, tuende kwa adabu. Kijana usimwambie bibi, "Lete hiyo sarafu nipige." Amkia, kaa chini, mweleze kwamba unaomba kuipiga picha na hutaiondoa machoni pake. Ipige pale pale, kwenye mlango wake, mkononi mwake kwanza kisha juu ya kitambaa. Halafu muulize aliipata kwa nani, mwaka gani, kwa kuuza nini, na uandike jibu lake kwa maneno yake. Sarafu za shilingi 1 za simba ziko mamilioni duniani. Iliyolipwa kwa baba yake siku alipopeleka pamba yake ya kwanza kupimwa ni moja.

Basi nawaomba, walimu, mpeleke jambo hili madarasani, kila mwanafunzi alete picha mbili za sarafu moja ya nyumbani, uzito wake na jina la aliyeitunza. Nanyi masonara, kabla sarafu yoyote haijaingia kwenye moto wenu, mpeni mwenyewe dakika kumi aipige picha pande zote mbili, na mumwambie kuna watu wanaoweza kumsomea anachokiuza. Anzeni wiki hii, na sanduku lililo karibu nanyi.